Pasta Alisema "Madawa", Mwanariadha Akasikia Bangi

Jumapili moja mwishoni mwa Oktoba 2025, katika kanisa dogo la mabati upande wa Kawangware, pasta aliinua gazeti lenye picha ya mkimbiaji wa marathoni Ruth Chepngetich akasema vijana wetu wanamalizwa na madawa. Chepngetich alikuwa ndio kwanza amefungiwa miaka 3. Kutoka kwenye picha hiyo mahubiri yaliteremka hadi kwenye bangi, yakapitia chang'aa, shisha na muguka, yakaishia kwa vijana wanaolala mitaroni. Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, maana hapakuwa na uongo.

Tulipotoka, kijana mmoja wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya tatu ambaye pia hukimbia mita 800, alinivuta kando penye tangi la maji. "Mwalimu," akasema, "mimi siku kumi zilizopita nilidungwa sindano pale kwa kemisti, goti lilikuwa linanisumbua. Walinidunga hapa nyuma. Hiyo nayo ni moja ya yale madawa ya pasta?" Nikamuuliza ilikuwa sindano ya nini. "Ya maumivu." Jina lake? Hakujua. Na alikuwa na mashindano Uwanja wa Nyayo wiki tatu mbele.

Kijana huyu hanywi, havuti, na kesha za vijana hazimpiti. Alikuwa amekaa saa nzima akihubiriwa juu ya madawa bila sentensi hata moja kumgusa, ilhali katika safu yetu nzima ni yeye peke yake aliyekuwa hatarini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikia mchanganyo uleule kila mahali, kwenye matatu, kinyozini, hata redioni: kwamba mwanariadha aliyeokoka hawezi kukutwa na dawa, na kwamba aliyekutwa nazo basi wokovu wake ulikuwa wa uongo. Kauli zote mbili zina kasoro, na kasoro yenyewe inaanzia kwenye neno.

Dawa ya viatu nayo ni dawa

Kiswahili kimelibebesha neno "dawa" mzigo mzito. Kuna dawa ya kikohozi, dawa ya mende, dawa ya meno, hata dawa ya viatu. Kisha zipo dawa za kulevya, na zipo dawa za kusisimua misuli, na mtaani hizi mbili hutiwa kwenye gunia moja linaloitwa madawa.

Dawa za kulevya, au mihadarati, huelekea kichwani. Mtu huzitumia ili ajisikie vingine: achangamke, asahau, alale, au aone dunia ikiwa nyepesi kwa saa chache. Bangi, heroini na kokeini zimo humo. Pombe, sigara na miraa ni jamaa zao ambao sheria ya nchi imewapa kibali. Pufya, kama magazeti yetu ya Kiswahili yanavyoiita, ni habari nyingine. Ni kitu au mbinu ambayo mwanamichezo huitumia kinyume cha kanuni ili apate nguvu zisizo zake, apone upesi kuliko mwili wake unavyotaka, au afiche kwamba amefanya hivyo.

Chukua EPO, homoni iliyotajwa katika kesi za wakimbiaji Rita Jeptoo, Jemima Sumgong na Asbel Kiprop. Figo zetu wenyewe huitengeneza. Kazi yake ni kuuagiza uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni kuipeleka kwenye misuli. Fikiria mtaa usio na maji ya bomba, ambako vijana wa mikokoteni hupeleka mitungi nyumba kwa nyumba. Mikokoteni 20 ikiwa 30, hakuna jiko litakalokosa maji. Mkimbiaji aliyejidunga EPO ameongeza mikokoteni, kwa hiyo misuli yake haikaukiwi mapema. Lakini vichochoro ni vilevile. Mikokoteni ikizidi inakwama, na damu iliyojaa chembe kupita kiasi huwa nzito, huweza kuganda, na donge likifika kwenye moyo au ubongo mtu anaweza kufa, hata usingizini.

Katika maelezo yote hayo hakuna ulevi. Aliyejidunga EPO hayumbi, hanuki, hatukani mtu. Anaweza kuongoza sifa Jumapili asubuhi na mama mchungaji asishuku kitu.

Kesi ya Chepngetich nayo ni ya namna yake. Kilichopatikana katika mkojo wake wa Machi 14, 2025 ni haidroklorothiazidi, tembe ya presha ambayo nyumba nyingi za Nairobi zenye mzee hazikosi. Humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara ili maji yapungue mwilini. Haimwongezei mkimbiaji kasi. Imepigwa marufuku kwa sababu mkojo mwingi mwepesi unaweza kufua alama za dawa nyingine, kama mwizi anayemwaga ndoo ya maji juu ya nyayo zake. Maabara hutakiwa kuripoti kuanzia nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikuwa na 3,800. Baadaye alieleza kwamba alipougua alimeza dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani. AIU, kitengo kinacholinda uadilifu wa riadha duniani, hakikumwachilia kwa maelezo hayo. Rekodi yake ya dunia ya marathoni, saa 2:09:56, aliyoiweka Chicago Oktoba 2024, haikufutwa kwa kuwa ilitangulia sampuli hiyo.

Sasa rudi kwenye gazeti la pasta. Picha ya mtu aliyekutwa na tembe ya presha ndiyo iliyofungulia mahubiri ya chang'aa.

Orodha ya mimbari na orodha ya Montreal

Shirika la dunia linalopambana na pufya, WADA, lina makao yake Montreal, Canada, na kila Januari 1 orodha yake mpya ya vitu vilivyokatazwa huanza kutumika. Mimbari nayo ina orodha yake, ingawa haijachapishwa popote. Waumini wengi hudhani orodha hizi mbili ni moja, na kwamba ya mimbari ni kali zaidi, kwa hiyo anayeitii hiyo ameitii na ile nyingine. Sivyo.

Pombe ni haramu msikitini bila mjadala, na kwa Waadventista na makanisa mengi ya kiroho ni mwiko. WADA haina habari nayo. Iliwahi kukatazwa katika michezo michache, ikiwemo upigaji mishale na mbio za magari, kisha ikaondolewa mwaka 2018. Kafeini iliondolewa mwaka 2004, ingawa Waadventista wengi hadi leo hawagusi kahawa. Sigara haimo. Mkimbiaji anaweza kulewa chakari Jumamosi, apimwe Jumapili, na asiwe na kesi popote isipokuwa kwa mama yake.

Geuza upande wa pili. Tramadoli, kidonge cha maumivu ambacho baadhi ya watu hukipata kwa urahisi wa peremende, imekatazwa siku ya mashindano tangu Januari 2024. Sindano za jamii ya glukokotikoidi, zile zinazotuliza uvimbe na maumivu ya viungo, zimekatazwa siku ya mashindano: za msuli tangu zamani, na tangu 2022 hata za kwenye kiungo. Dawa fulani za mafua zikizidi kiwango nazo zina kesi. Na siku ya mashindano haianzi asubuhi mnapopanga mstari. Inaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia shindano. Sijawahi kusikia mahubiri wala hotuba ya Ijumaa juu ya lolote kati ya hayo, na simlaumu mhubiri, kwa sababu hakuna mtu aliyekwenda kumweleza.

Zipo sehemu orodha zinapokutana. Bangi, kokeini na heroini zimekatazwa siku ya mashindano. Tangu kanuni za 2021, anayekutwa nazo akathibitisha kwamba alizitumia nje ya mashindano na bila nia ya kuongeza uwezo hufungiwa miezi 3, na akikubali matibabu inaweza kushuka hadi mwezi 1. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mmarekani Sha'Carri Richardson mwaka huohuo: alivuta bangi baada ya kupata habari ya kifo cha mama yake mzazi, akafungiwa mwezi 1, akaikosa Olimpiki ya Tokyo. Utaona kanuni zenyewe zimeanza kutofautisha mgonjwa wa uraibu na mdanganyifu. Sisi mtaani bado.

Miraa ndiyo yenye utata kuliko zote. Ina kathinoni na kathini, vichangamshi viwili. Kathini ina kiwango: mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo zikipita siku ya mashindano, umekwisha. Kathinoni haina hata nafasi hiyo. Wanazuoni wa Kiislamu wamegawanyika juu ya miraa: wapo wanaoihesabu kileo na kuiharamisha, wapo wanaoiita makuruhu, na Eastleigh utawakuta waumini wanaoitafuna jioni bila kuona tatizo lolote. Mchezaji wa timu ya mtaa anayesema "sheikh wetu hajaikataza" anasema kweli. Mkojo wake utasema vingine.

"Mungu anajua moyo wangu"

Dini huanza na nia. Muislamu atakwambia matendo hulipwa kwa nia. Mkristo atakwambia Bwana hutazama moyo. Kanuni za pufya huanza na mkojo. Hapa ndipo watu wa imani hukwazika, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewafafanulia kwamba maswali ni mawili.

Kijijini kwetu tulikuwa tunapeleka maziwa kwenye chama cha ushirika. Karani alikuwa na kipimo cha kioo alichokitumbukiza kwenye mtungi. Kikizama kupita alama, mna maji. Hakuuliza nani aliyatia, kama ni wewe, ni mtoto njiani, au ni mvua iliyokukuta mtungi ukiwa wazi. Maziwa yalikataliwa hapohapo. Nani alitia maji ilikuwa kesi ya pili, ya kuamua kama utarudi kesho au utakaa nje mwaka mzima. Na hata ukishinda kesi ya pili, maziwa ya siku ile hayalipwi.

Pufya huendeshwa hivyo. Kitu kikikutwa mwilini, matokeo ya shindano lile yanafutwa hata kama ulidanganywa. Nia huingia baadaye, katika kupima adhabu, na hapo ni mwanamichezo mwenyewe anayetakiwa kuonyesha kilivyoingia. Ferdinand Omanyala alifungiwa miezi 14 mwaka 2017 kwa sababu ya betamethasoni, mojawapo ya zile glukokotikoidi, iliyokuwa ndani ya sindano ya maumivu ya mgongo. Septemba 18, 2021 akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani na kuwa Mwafrika mwenye kasi kuliko wote. Kwa hiyo mtu akisema "Mungu ni shahidi, sikukusudia", huenda anasema ukweli mtupu, na adhabu nayo ikawa halali. Hayo mawili hayagombani.

Vipo vibali vya matibabu. Mwenye kisukari anayehitaji insulini, ambayo imo kwenye orodha, huomba kibali akiwa na karatasi za daktari, na akistahili hupewa. Kibali cha ibada hakipo. Nalitaja kwa sababu ya ndugu zetu Marasta. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitambua Urastafari kuwa dini, katika kesi ya msichana wa shule aliyefukuzwa kwa sababu ya rasta zake, na mwaka 2021 Marasta walikwenda mahakamani kuomba bangi ya ibada isiwe kosa. Mahakama inaweza kuamua itakavyo. Orodha ya Montreal haiko chini yake. Bangi hukaa mwilini kwa siku nyingi, na kwa mvutaji wa kila siku hata kwa wiki kadhaa, hivyo mwanariadha Rasta anayevuta kwa ibada Jumatano hana uhakika wowote wa Jumapili. Ni ukali, nakubali. Lakini ni ukali uleule unaomkuta aliyemeza dawa ya binamu yake.

Je, imani inakinga?

Kwa ulevi, kwa kiasi fulani, ndiyo. Watafiti wa nchi mbalimbali kwa miaka mingi wamekuta kwamba vijana wanaohudhuria ibada mara kwa mara hunywa na kuvuta kidogo kuliko wenzao. Usikimbilie kusema ni ibada iliyowazuia. Huenda aliyeanza kunywa ndiye aliyeacha kuja ibadani. Kuku na yai. Ila mtu akiishi na wanamichezo wa jiji hili ataona namna imani inavyoweza kusaidia bila muujiza wowote.

Mkimbiaji hufanya mazoezi alfajiri, akarudia jioni. Saa za katikati ni zake, na mfukoni hana kitu. Bondia akiumia bega hukaa nje miezi, na hakuna anayempigia simu. Mchezaji wa soka mkataba ukiisha huamka asubuhi asijue yeye ni nani tena. Mashimo haya matatu, wakati mtupu, upweke na kupotea kwa jina, ndimo pombe na bangi huingilia; na utafiti wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikuta mtu 1 kati ya kila 6 nchini, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia angalau kileo au dawa moja. Kanisa na msikiti huyaziba mashimo hayo kwa vitu vya kawaida kabisa: mazoezi ya kwaya Alhamisi, darsa baada ya magharibi, mtu wa kuuliza "mbona hukuonekana?" Anayetakiwa awe msikitini alfajiri hakeshi kilabuni. Anayeimba sauti ya tatu akikosekana inasikika. Na haya yote hutendeka katika jiji ambalo moja ya timu zake kubwa za soka inaitwa Tusker, mchezaji Muislamu akifunga bao na jina la bia kifuani. Hilo nalo nimeshindwa kujua lina fatwa gani.

Pufya haiingilii mashimo hayo. Huingilia tamaa, na mara nyingine huingilia wajibu, jambo ambalo ni gumu zaidi kulikemea. Ada ya wadogo zake watatu. Kodi. Meneja anayesema msimu huu ndio wa mwisho. Ulevi una harufu, jumuiya inaunusa na kumwita mtu pembeni. Pufya haina harufu, dalili yake pekee ni kwamba mtu anashinda. Na mshindi kanisani haitwi pembeni, anaitwa mbele. Nimeyaona: kijana anarudi na bahasha, anasimamishwa atoe ushuhuda, anaambiwa Mungu amemfungulia mlango, na kabla hajaketi ameshaahidi mabati ya upande wa mashariki. Nani hapo atauliza imekuwaje amepunguza sekunde tatu kwa mwezi mmoja? Tumejizoeza kuita kila kupanda kwa ghafla baraka.

Haishangazi basi kwamba wapo wenye imani ya kweli ambao wamekutwa na pufya. Kwa akili yao hawakuvunja amri waliyofundishwa. Waliambiwa wasilewe, na hawakulewa. Waliambiwa mwili ni hekalu, na mtu mwenye koti jeupe akawaambia anaukarabati. Katika kesha za vijana nimesikia mara nyingi ule mstari wa hekalu katika Wakorintho. Barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 2, mstari wa 5, inasema mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali. Huo sijausikia hata mara moja.

Kuna na mlango wa nyuma, ambao ni kuaminiana. Mafuta ya upako hayana kesi, wala maji ya Zamzam, wala asali na habasoda. Tatizo ni unga wa mitishamba usio na lebo unaoletwa na mtu wa ushirika wetu, au kopo la virutubisho ambalo dada wa fellowship anauza ili apande cheo katika biashara ya mtandao. Hatuulizi kwa sababu tunasali naye. Virutubisho vya kusaga mara nyingine huchanganyika na vitu visivyoandikwa kwenye kopo, kwa makusudi au kwa uchafu wa mashine, na kipimo hakijali uliuziwa na nani.

Afisa wa vipimo akibisha hodi Sabato

Wanariadha wa ngazi ya juu walio kwenye kundi la vipimo hutakiwa kutaja kila siku saa moja, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, watakapopatikana bila kukosa. Uvumi uliopo ni kwamba siku ya ibada husamehewa. Haisamehewi. Lakini hakuna anayekulazimisha kukosa ibada: unaweza kutaja saa ya alfajiri ukiwa nyumbani, au ukalitaja kanisa lenyewe kuwa ndipo ulipo. Ukikosa mara 3 ndani ya miezi 12, ni kosa kamili hata kama damu yako ni safi. Wilson Kipsang alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kukosekana na kwa ushahidi wa kupotosha, bila chochote kukutwa mwilini mwake.

Mwezi wa Ramadhani swali ni la mkojo: umefunga, umekauka, afisa yuko mlangoni. Kukataa huwezi, ila yeye ndiye atakayengoja, hata kama ni hadi ufuturu, mradi usiondoke machoni pake. Anayeshuhudia mkojo ukitoka huwa wa jinsia yako. Kuhusu sindano ya kutoa damu, wanazuoni wengi wanasema haibatilishi saumu. Muulize wako mapema, usingoje siku ya sindano. Sampuli za damu za pasipoti ya kibayolojia, ambayo ni kumbukumbu ya damu yako kwa miaka, hupimwa hapahapa Nairobi tangu maabara iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo ilipofunguliwa mwaka 2018.

Kuombewa na kutibiwa

Hili niliseme bila kuzunguka, kwa kuwa nimeona likienda vibaya. Mwanamichezo aliyezama kwenye pombe akaletwa mbele akaombewa, mara nyingi huambiwa aanze kufunga siku hiyohiyo. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kutetemeka, kupatwa na degedege, na mtu kufa. Huo si upungufu wa imani. Mpelekeni hospitali kwanza, maombi yaendelee hata wodini. Kwa heroini, tangu Desemba 2014 Hospitali ya Mathari hutoa methadoni, dawa inayotuliza kiu ya heroini mtu akarudi kwenye maisha yake. Wapo wachungaji wanaoiita heroini ya serikali, na bondia mmoja ninayemjua aliiacha kwa neno hilo. Alirudi mtaroni baada ya wiki mbili. Methadoni nayo imo kwenye orodha ya siku ya mashindano, kwa hiyo anayeitumia na bado anapigana anahitaji kibali cha matibabu, na anaweza kuanza kwa kuwauliza ADAK.

ADAK ndilo shirika letu la kupambana na pufya. Lilizaliwa na sheria ya mwaka 2016, mwaka ambao WADA ilitangaza Kenya haitimizi kanuni, tukarudishwa Agosti, dakika za mwisho kabla ya Olimpiki ya Rio. Kwao unaweza kuuliza jina la dawa kabla hujaimeza, na swali halina malipo.

Jina. Ndilo lililomshinda kijana wa kwaya. Pale penye tangi nilimweleza kwamba sindano za msuli za jamii ya glukokotikoidi hazifanani: deksamethasoni huhitaji siku 5 kabla ya mashindano ili itoke mwilini, prednisoloni siku 10, triamsinoloni siku 60. Goti ni lilelile, maumivu ni yaleyale. Kama alidungwa ya kwanza, Nyayo angekimbia kwa amani. Kama ni ya mwisho, wiki tatu zisingetosha. Jumatatu alirudi kwa kemisti. Chupa ilikuwa imeshatupwa, risiti haikuandikwa, na msichana wa zamu alikumbuka tu kwamba ilikuwa "ile ya kawaida".

Siku ya mashindano nilimkuta jukwaani, namba yake ameikunja mfukoni. Mita 800 zilipopigwa, aliyeshinda alikuwa mwenzake wa mazoezi. "Huyo huwa namwacha," akasema, kisha akanyamaza mpaka mbio za kupokezana zikaanza. Alitoa simu mfukoni akanionyesha picha ya boksi: vidonge vya mafua alivyoandikiwa mama yake. Kijana mwenyewe alikuwa ameamka na kamasi. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, tukaanza kusoma yale maandishi madogo ya ubavuni.